Wiki ya mwanafunzi wa PCB: makosa ya dakika moja yanayokula saa nzima ya prepu

Ukiwauliza wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wa kidato cha tano na cha sita wiki inawashindia wapi, wengi watataja mada: kemia ya kaboni, umeme, jenetiki. Mada hizo ni nzito kweli, lakini kwa ninavyoona mimi wiki nyingi huharibikia maabara. Kosa la dakika moja mezani linageuka saa nzima ya prepu, mtu anakagua hesabu ambazo hazina tatizo lolote. Kapovu ka hewa kwenye ncha ya bureti. Kuhesabu kuanzia moja. Kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani. Ratiba za shule hazifanani, kwa hiyo siku nitakazozitaja hapa zichukue kama mfano na uzipange upya kwa ratiba yako.

Tuseme Jumatatu ni fizikia, na jaribio ni pendulamu: timazi, uzi wa kama mita moja na robo, klampu, rula ya mita na stopwochi. Unabadilisha urefu, sentimita 100, 90, 80, 70, 60 na 50, na kwa kila urefu unapima muda wa timazi kubembea mara 20, kwenda na kurudi. Kwa sentimita 100 stopwochi inatakiwa isome karibu sekunde 40.1, na kwa sentimita 50 karibu 28.4. Ni jaribio jepesi, ndiyo maana watu hulifanya huku wanapiga soga.

Kosa kubwa hapa ni la kuhesabu. Timazi inapita katikati, mtu anabonyeza stopwochi na kutamka "moja". Lakini wakati huo timazi haijabembea hata mara moja. Ilitakiwa iwe "sifuri". Akifika ishirini, imebembea mara 19 tu na stopwochi inasoma 38.1. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Muda wa kila urefu umepungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo nukta za grafu zinakaa kwenye mstari mnyoofu kabisa, na huna sababu ya kushuku kitu mpaka g, yaani mchapuko wa graviti, inapotoka 10.86 badala ya 9.8. Dawa yake ni kuhesabu kwa kurudi nyuma kabla ya kuanza: tatu, mbili, moja, sifuri, na kubonyeza kwenye sifuri. Bonyeza timazi inapopita katikati. Pale inakwenda kwa kasi kubwa kuliko kwingine kote, kwa hiyo jicho linaona wazi imepita lini. Ukingoni huwa inasita kidogo kabla ya kurudi, na huwezi kusema kwa hakika iligeuka saa ngapi.

Kosa la pili ni la urefu. Urefu unapimwa kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya timazi, wala si hadi kwenye fundo. Ukisahau sentimita moja ya nusu ya timazi, mstari wa T² (T ni muda wa kubembea mara moja) dhidi ya urefu hautapita kwenye sifuri. Utakata mhimili wa T² juu kidogo. Lakini mwinuko wake hautabadilika, kwa sababu kila urefu umekosewa kwa kiasi kilekile. Anayetafuta g kwa mwinuko atapata jibu sahihi, maana mwinuko unabaki karibu 4.03 kwa vizio vya sekunde za mraba kwa mita. Aliyechukua urefu mmoja na kuutumbukiza kwenye fomula ataumia. Mwanafunzi akilielewa hili vizuri, ataacha kuiona grafu kama adhabu ya mwalimu. Grafu inatenganisha kosa lililo kwenye kila kipimo na jibu unalolitafuta.

Ukiwa kwenye grafu yenyewe, tumia skeli ya 1, 2 au 5 kwa kila mraba mkubwa. Skeli ya 3 au ya 7 itakufanya uchomeke nukta kwa kubahatisha. Pembetatu ya mwinuko iwe kubwa, ichukue zaidi ya nusu ya mstari, na pembe zake uzisome kwenye mstari, si kwenye jedwali. Timazi usiivute mbali: kwa uzi wa mita moja, sentimita 10 za pembeni zinatosha, uzi ukifika nusu mita, vuta sentimita 5. Ukizidisha, ile fomula ya T haishiki sawasawa tena, kwani imejengwa kwa pembe ndogo.

Jumanne ni siku ya bureti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna praktikali inayolipa kama hii kwa aliyeizoea. Chukua mfano wa kawaida. Sodiamu kaboneti isiyo na maji, gramu 1.325, imeyeyushwa na kufikishwa sentimita za ujazo 250. Hiyo ni 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita. Bureti ina asidi haidrokloriki ya 0.1 M, pipeti ni ya 25, kiashiria ni MO (methyl orange). Mlinganyo unadai asidi mbili kwa kaboneti moja, kwa hiyo ujazo wa asidi unatakiwa uwe karibu na 25.00. Ukiijua namba hiyo mapema, kila kosa utakalofanya litaacha alama ya mguu wake unayoweza kuitambua.

Kuanzia kwenye kusuuza. Bureti inasuuzwa kwa asidi itakayotumika, pipeti kwa besi, chupa ya koni kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Wengi wameikariri kanuni hii bila kujua sababu, na siku wakiwa na haraka wanaichanganya. Bureti ikibaki na maji, asidi inapungua nguvu na ujazo unapanda juu ya 25. Pipeti ikibaki na maji, besi ndiyo inayopungua na ujazo unashuka. Ukiisuuza chupa ya koni kwa besi, umeongeza besi ambayo pipeti haikuipima, na ujazo unapanda tena. Maji ndani ya chupa ya koni hayana madhara, kwa sababu kiasi cha besi kilichomo hakibadiliki hata ukiongeza maji kiganja kizima.

Halafu hewa. Ukishajaza bureti, inama uangalie chini ya koki. Mara nyingi kuna kapovu pale kwenye ncha. Kakitoka katikati ya kazi, asidi inajaza nafasi yake kwanza, na bureti inakuhesabia asidi ambayo haikuingia kwenye chupa. Fungua koki yote kwa ghafla juu ya bika, hewa itasukumwa nje; ikigoma, inamisha bureti kidogo huku umefungua. Kisha ondoa faneli. Faneli iliyoachwa juu hudondosha matone wakati wewe unashughulika chini, na masomo yako yanakuwa ya uongo bila wewe kujua.

Pipeti inyonywe kwa mpira wake. Najua maabara nyingi hazina mpira wa kutosha na watu wanatumia mdomo. Kama huna budi, iwe ni kwa myeyusho dhaifu ambao mwalimu ameuruhusu tu, na ncha isitoke kwenye kimiminika ukiwa unavuta. Ukishaachia, gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa na uache. Lile tone linalobaki ndani usilipulize: pipeti ilipimwa kiwandani kwa kuhesabu kwamba tone hilo litabaki.

Sasa lile tone la mwisho. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, tia matone mawili ya MO, myeyusho unakuwa wa njano. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa. Mwanzoni asidi inaweza kutiririka. Ukikaribia 23, utaona wekundu mdogo pale asidi inapoangukia, unazunguka kidogo na kumezwa na njano. Ukifika 24 wekundu huo unachelewa kupotea. Hapo kaza koki, tone moja, zungusha, tone moja, zungusha. Tone moja ni kama 0.05, kwa hiyo una nafasi ya kusubiri. Ukihitaji nusu ya tone, acha lining'inie kwenye ncha, liguse ukuta wa chupa, kisha literemshe kwa maji ya chupa ya kunyunyizia. Na mara moja njano yote inageuka rangi ya chungwa na haibadiliki tena. Ukiona waridi au nyekundu, umeshapitiliza. Hakuna raha ndogo katika maabara inayofanana na kusimamisha bureti kwenye tone hilohilo mara tatu mfululizo.

Soma sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake, na uandike desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5. Ukiandika 25 peke yake umetupa alama. Tuseme ujazo wa majaribio ni 25.60, na mitatu inayofuata ni 25.00, 25.10 na 25.05. Wastani ni wa mitatu ya mwisho, yaani 25.05, ule wa majaribio hauingii, maana uliufanya kwa haraka makusudi ili ujue pa kupunguza mkono.

Kama umepata 12.50, usitupe vyombo. Karibu hakika umetia POP (phenolphthalein) badala ya MO. POP inapoteza rangi kaboneti inapomaliza kugeuka baikaboneti, na hiyo ni nusu ya safari tu. Na kama titresheni imetoka safi lakini jibu la mwisho limekuwa mara mbili au nusu ya lile la wenzako, kaangalie ule uwiano wa mbili kwa moja kabla ya kugusa kitu kingine.

Jumatano haina maabara, na mwili ndio unaoanza kudai. Vipindi viwili viwili vya nadharia vinafuatana, mchana jua kali, na usiku mtu anataka kukesha ili afidie. Kukesha Jumatano ni hasara, kwani Alhamisi ya chumvi inahitaji macho yanayoona rangi. Prepu ya saa mbili na nusu inatosha ikigawanywa: dakika 40 za kumaliza ripoti ya Jumanne wakati bado unakumbuka kilichotokea, saa moja ya kufanya maswali ya mada iliyofundishwa leo bila kufungua desa (notisi), na muda unaobaki swali moja refu la mitihani iliyopita. Kabla ya BAM (hisabati ya msingi, Basic Applied Mathematics) au fizikia, bonyeza sin 30 kwenye kikokotoo. Ikitoka 0.5 uko kwenye nyuzi, ikitoka -0.988 kiko kwenye radiani, na kila kitu cha pembe utakachokokotoa kitakuwa takataka.

Alhamisi, chumvi isiyojulikana. Hapa wanaofeli wengi wanajua kemia yao. Kinachowaangusha ni mkono mzito. Maelekezo yanasema ongeza sodiamu haidroksaidi tone kwa tone mpaka izidi. Mtu anamimina. Kama chumvi ni ya zinki, ya aluminiamu au ya risasi, mashapo meupe hutokea kwenye matone ya mwanzo na huyeyuka ukizidisha. Aliyemimina ameruka hatua ya kwanza, anaona myeyusho mtupu na kuandika "hakuna mabadiliko". Chumvi yake ameshaipoteza hapo, na hatua zote zinazofuata zitamchanganya. Tumia kama sentimita ya ujazo moja tu ya myeyusho kwenye testi tyubu, tone moja, tikisa, tazama, tone jingine. Amonia ndiyo inayoitenganisha zinki na hao wawili wengine: mashapo ya zinki huyeyuka ikizidi, ya aluminiamu na ya risasi hayayeyuki.

Ukishuku risasi, tia potasiamu ayodaidi, mashapo ya njano iliyokolea hutokea papo hapo. Nashauri uende hatua moja zaidi kama muda upo. Ongeza maji, pasha mpaka njano iyeyuke, kisha iache ipoe polepole. Vipande vidogo vinavyometa kama dhahabu huanza kuelea na kuzama ndani ya tyubu. Wiki ikiwa imekuchosha, kitu kile kinakukumbusha kwa nini ulichagua sayansi. Nawa mikono vizuri baadaye. Risasi ni sumu.

Kuna mtego wa maji unaowapata zaidi walio kwenye maeneo ya maji ya chumvi, kama visima vingi vya Dodoma na vya ukanda wa pwani. Ukiyeyusha chumvi yako kwa maji ya bomba au ya kisima, maji yenyewe yana kloraidi. Ukitia nitreti ya fedha, mashapo meupe yanatokea, nawe unaandika kloraidi wakati chumvi ni nitreti. Kinga yake haigharimu kitu: chukua tyubu ya pili yenye maji matupu, tia nitreti ya fedha humo pia. Yakitokea mashapo, tatizo ni maji. Jaribio la mwali nalo lina mtego wake. Likifanyiwa kwenye jiko la mafuta ya taa linalowaka njano, utaiona sodiamu kila mahali. Unahitaji mwali wa buluu, na waya uliochovywa kwenye asidi haidrokloriki na kuchomwa mpaka usitoe rangi yoyote.

Na maneno. Tunajadiliana kwa Kiswahili, tunaandika mtihani kwa Kiingereza, na katikati hapo alama zinadondoka. Myeyusho angavu na myeyusho usio na rangi ni vitu viwili. Maji ya mrututu ni angavu, unaona vidole vyako ng'ambo ya tyubu, lakini ni ya buluu. Anayetumia neno moja kwa maana zote mbili amemwambia msahihishaji kitu ambacho hakukiona. Ukiwa kwenye mjadala, lazimisha kila mtu aseme kwanza kwa Kiswahili alichokiona hasa, rangi, uangavu, mapovu, harufu, ndipo mtafute sentensi ya Kiingereza.

Ijumaa ni biolojia, na vipimo vya chakula ndivyo vinavyorudi mara kwa mara. Kwa kila kipimo, sentimita za ujazo 2 za sampuli zinatosha. Iodini matone machache kwa wanga, bluu-nyeusi. Benedict kiasi sawa na sampuli, chemsha kwa dakika mbili au tatu, buluu inapita kijani na njano hadi wekundu wa tofali kwa sukari rahisi. Kwa protini, tia sodiamu haidroksaidi sentimita 2, kisha kopa salfeti ya asilimia moja tone kwa tone, zambarau. Kopa salfeti ikizidi, ubuluu wake unafunika zambarau na mtu anaandika kwamba hakuna protini.

Sukari isiyo rahisi, kama ile ya miwa, ndiyo inayowakwamisha wengi. Unachemsha na asidi haidrokloriki dhaifu, unapoza, halafu unaiua asidi kwa sodiamu haidroksaidi, ndipo unatia Benedict na kuchemsha tena. Wanaoruka hatua ya kuiua asidi hupata buluu isiyobadilika. Benedict inahitaji hali ya besi ili ifanye kazi. Ndani ya asidi haiwezi.

Mende naye afunguliwe ndani ya maji. Mbandike kwa pini kwenye sinia la nta, mfunike kwa maji, kata ngozi ya mgongo pembeni huku ncha ya mkasi ikielekea juu. Maji hufanya utumbo uelee na kujitandaza. Ukiwa mkavu hugandamana na kuchanika. Ukifika pale utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma, utaona nyuzi nyembamba za njano-njano zimetawanyika: ndizo mirija ya Malpighi. Zichore kwa penseli ya HB iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kutia kivuli, na mistari ya majina isipishane wala isiwe na vichwa vya mshale.

Jumamosi kuna kufua, na koti la maabara lianze. Kwenye diskasheni, mtu mmoja asimame ubaoni bila desa na wengine wamuulize "kwa nini" tu. Kundi la watu wanne linatosha. Likizidi sita, wawili watakuwa wanasinzia.

Jumapili jioni, tenga nusu saa ya kuchora majedwali matupu ya wiki inayokuja. La titresheni lina safu nne, wa majaribio na mitatu ya kweli, na mistari mitatu: somo la mwisho, somo la kwanza, ujazo uliotumika. La pendulamu lina urefu, muda wa kubembea mara 20, T na T², kila kichwa na kizio chake. La chumvi lina jaribio, kilichoonekana na maana yake. Vyote kwa rula, kwenye daftari la praktikali, siyo kwenye karatasi itakayopotea. Mezani utakuwa umeshika kalamu ya wino, na namba inaingia kwenye kisanduku chake wakati tone bado linazunguka kwenye chupa.